Kura ya Nadhiri

Pigo la kwanza lilivunja kioo. La pili lilimpata baba mdogo begani, akiwa bado ameshika mashine ya kunyolea, nayo ikaendelea kunguruma mkononi mwake kana kwamba haijaona kitu.

"Shemasi?" alisema. Sauti yake ilikuwa na mshangao zaidi kuliko maumivu. "Si mlikuwa kwenye maombi nyie?"

"Ndiko tunakotoka," Shemasi akajibu, akampiga tena.

Mteja aliyekuwa kitini alipenya katikati yao, kitambaa kikipepea shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akatokomea barabarani. Hakuna aliyemzuia. Walimtaka kinyozi. Vijana wa Jeshi la Maombi la kanisa letu walijaa ndani ya kile chumba kidogo mpaka mwanga wa mlangoni ukafa, wengine bado wamevaa mashati meupe ya kwaya, na kila mmoja alikuwa na chuma mkononi. Mimi nilikuwa chini, nimelala chali sakafuni nikikaza nati za kiti cha pili. Nilichokiona kwanza ni viatu. Kisha damu ikidondoka juu ya nywele zilizonyolewa. Kisha baba mdogo mwenyewe akaanguka karibu yangu, uso wake ukinitazama.

"Usitoke huko, mama," alininong'oneza. Aliniita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nilirithi jina la mama yao.

"Kaa sasa!" Shemasi alikuwa akipiga huku akipaza sauti kama anayehubiri. "Si wewe bingwa wa kukaa wenzako wakisimama? Kaa basi! Mbona umelala?"

Vijana wakacheka. Walimpiga mgongoni na ubavuni, na alipojikunja wakampiga magotini ili ajinyooshe. Mmoja aliichana picha ya mgombea ubunge, Bwana Mifugo, iliyobandikwa pembeni ya kioo, akaisokomeza kinywani mwa baba mdogo kwa ncha ya chuma, akimwambia ampigie kura kwa meno. Nikasikia jino likivunjika. Ni sauti ndogo, kama ya mtu aliyetafuna wali wenye jiwe.

Nikajiburuta nikamlalia mgongoni. Sijui nguvu nilizitoa wapi, mimi ambaye hata kuombea chakula mbele ya wageni hunitoa jasho. Chuma kimoja kilinishukia mkononi, kikatulia mbele ya macho yangu kabla ya kuinuliwa tena, nami nikakitambua. Nilikuwa nimekisaga mwenyewe.

"Huyu ni mtoto wa Fundi," mtu alisema juu yangu. "Shemasi, basi. Ni mtoto wa Fundi."

Wakatoka wakiimba pambio.

Baba yangu ndiye Fundi. Anachomelea mageti, madirisha na vitanda vya chuma katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yetu. Mimi nakata na kusaga. Kabla ya mkutano mkubwa wa maombi, Shemasi alituletea nondo nene, akataka zikatwe vipande vya urefu wa mkono wa mtu mzima na kuchongwa ncha upande mmoja. Vigingi vya hema, alisema. Baba alikataa malipo. Hema la Bwana nalo alitoze? Alichoshangaa ni kwamba hakuna ndoano ya kushikia kamba.

"Viache vipara hivyo hivyo, Fundi," Shemasi alimwambia. "Vinatosha."

Lakini baba hajui kufanya kazi nusu, tena ikiwa ya Mungu ndiyo kabisa. Kigingi kisicho na pa kushika kamba si kigingi, na kamba ikiponyoka, upepo utawaangushia watu hema. Kwa hiyo Shemasi alipoondoka, baba alichomelea kipande kifupi cha chuma kilichokingama karibu na kichwa cha kila kigingi. Kamba ingeshika hapo. Na kwa kuwa kilikingama, kila kigingi kikawa msalaba. Akavipanga ukutani, akavua miwani, akavitazama kwa furaha ya mtoto.

"Unaona, mwanangu? Hata vikiwa udongoni vitakuwa vinashuhudia."

Nikasaga kingo upande wa juu ili visiwakwaruze mikono watakaosimamisha hema. Shemasi alipokuja kuvichukua, alishika kimoja, akakipima uzito, akatabasamu.

"Fundi, umetuzidishia baraka."

Hospitalini walimlaza baba mdogo kifudifudi. Baba alikuja mbio na ovaroli lake la kazi, harufu ya moshi wa chuma ikitangulia. Muuguzi alikuwa akisafisha mgongo kwa pamba, na kila alipofuta damu alama ikajitokeza: msalaba mmoja chini ya bega, mwingine kiunoni, mingine imepandana. Pale pembe ya kipande cha kukingama ilipozama, nyama ilikuwa imechanika.

"Walitumia nini hawa watu?" muuguzi aliuliza. "Rungu nimeliona. Panga nimeliona. Hiki sijakiona."

Baba alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya jeraha bila kuligusa, kama anavyofanya akikadiria pengo la geti. Kisha akatoka nje.

Aliporudi, baba mdogo alimtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Kaka, kazi yako imara. Hakuna hata kimoja kilichopinda."

"Nyamaza."

"Nakusifia tu. Meno yangu ndiyo yaliyochongwa na fundi wa bei rahisi."

"Nimesema nyamaza!" Baba alipiga magoti kando ya kitanda. "Mdogo wangu, sikujua. Naapa kwa Mungu aliye hai—"

"Usiape." Sasa baba mdogo hakuwa akitania. "Usiape tena, kaka. Kuapa ndiko kulikotufikisha hapa."

Ilikuwa kweli. Jumapili iliyotangulia, Mchungaji aliwaita wakuu wa nyumba madhabahuni. Mhazini wa kanisa letu alikuwa anagombea ubunge, naye alikaa kiti cha mbele, mikono imefumbatwa, macho chini. Mmoja baada ya mwingine, walikuja kuweka mkono wa kuume juu ya Biblia kubwa na kusema kwamba mbele za Mungu, kura yao na ya nyumba yao ni ya Mhazini. Baba alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alilia alipokuwa akiyasema yale maneno. Baba si mnafiki. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba nchi ikiongozwa na mtu wa sala itapona, na kwamba kura ni sadaka kama sadaka nyingine.

Baba mdogo peke yake alibaki benchini.

"Ndugu kinyozi," Mchungaji aliita, "miguu imekufa ganzi?"

Watu walicheka.

"Hapana, Mchungaji. Bwana wetu alituambia tusiape kabisa. Ndiyo yangu ni ndiyo, na siyo yangu ni siyo."

"Haya, basi ndiyo yako ni ya nani?"

"Hiyo ni kati yangu na sanduku la kura."

Kicheko kikakatika pale pale. Nilimwona Shemasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeikariri sura.

Sasa baba mdogo alikuwa amelala mbele yetu na picha ya Bwana Mifugo ilikuwa imeacha rangi ya bluu kwenye midomo yake. Bwana Mifugo ndiye aliyekuwa akishindana na Mhazini. Ni daktari wa ng'ombe, mtu wa glasi, mwenye kelele.

"Huyo wako haji hata kanisani," baba alisema, bado kapiga magoti. "Mara ya mwisho kuingia ni siku ya harusi yake, na alichelewa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa namnyoa." Alikohoa, akashika ubavu. "Kaka, Bwana alisema tutawatambua kwa matunda. Hakusema kwa majani. Mhazini ana majani mazuri, hata mimi nayaona. Lakini vibanda vya sokoni vilipobomolewa, na wale kina mama wakawekwa ndani, nani alikesha nao kituoni mpaka wakatolewa? Mimi nikisoma Injili yangu, yule mlevi ndiye Msamaria. Labda nasoma vibaya. Ila ndivyo ninavyosoma."

"Na mimi nasoma tofauti."

"Sawa. Piga yako unavyosoma, na mimi yangu. Mungu ana masikio mawili."

Baba akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa shuka.

"Mimi nimeweka nadhiri, mdogo wangu. Sina tena cha kusoma."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alitembea mbele, mabega yameanguka. Askari aliyekuja hospitalini alikuwa ameandika kwamba ni ugomvi wa wateja wawili waliogombea zamu, akaenda zake.

"Neno liko wazi," baba alisema ghafla, kama vile nilikuwa nimemwuliza. "Afadhali usiweke nadhiri kabisa kuliko kuiweka ukaivunja. Sikuiweka kwa Mhazini. Niliiweka kwa Mungu."

Mimi si mtu wa kubishana na baba. Lakini mkono wangu ulikuwa unapwita ndani ya bandeji, na maneno yakatoka yenyewe.

"Na Yefta, baba?"

Akasimama. Aliyepita Shule ya Jumapili anaijua habari ya Yefta: aliahidi kwamba akishinda vita atatoa sadaka chochote kitakachotoka kwanza nyumbani kwake kumlaki, na aliyetoka ni binti yake, anacheza na kuimba.

"Yefta aliitimiza," nikasema. "Kuna mahali Mungu alimwambia aitimize?"

Baba alinitazama, akautazama mkono wangu. Kisha akaendelea kutembea. Lakini kulipokucha alivaa shati lake la ibada akaniambia nimsindikize kwa Mchungaji.

Ofisi ya Mchungaji iko nyuma ya madhabahu. Kuna makochi, kuna kalenda yenye sura ya Mhazini, na siku hiyo Shemasi alikuwa ameegemea kabati akichokonoa meno.

"Mchungaji, nimekuja unifungue," baba alisema.

"Nani amekufunga, Fundi?"

"Nadhiri yangu. Niliitoa kwa ajili ya mtu wa Mungu. Damu ya ndugu yangu imemwagwa kwa jina lake na kwa kazi ya mikono yangu."

"Mhazini hakuwepo huko. Hajui kitu."

"Basi ajue. Asimame Jumapili awakemee waliofanya. Akiwakemea mbele ya watu, mimi nitampigia kura yangu na sitauliza tena."

Mchungaji alikoroga chai yake muda mrefu.

"Fundi, uchaguzi ni vita. Yaeli alishika nini alipomuua adui wa watu wa Mungu? Si kigingi cha hema? Ungejua heshima uliyopewa usingekuja hapa kulialia."

"Ndugu yangu ulimbatiza wewe, Mchungaji. Tuliingia naye kwenye maji yale yale, siku ile ile."

"Mimi sina funguo za nadhiri yako. Uliiweka mbele za Mungu na kanisa."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama mteja aliyeelezwa bei akaielewa.

"Basi nitaifungulia hapo hapo nilipoifungia."

Shemasi alitusindikiza. Mlangoni alimshika baba shingoni, akambana ukutani mpaka macho yakamtoka, huku akiongea naye kwa upole kabisa.

"Fundi, kuna mfalme alinyoosha mkono vibaya madhabahuni, ukakauka. Si unaikumbuka hadithi hiyo? Mimi naipenda sana."

Akamwachia. Kisha akanigeukia mimi, ambaye huniita shangazi kwa dhihaka. "Shangazi, pole na mkono. Jumapili njema."

Tulikuta watu karakanani. Walikuwa vijana wa upande wa Bwana Mifugo, na aliyewaongoza nilimjua mara moja kwa sababu alikuwa bado amenyolewa upande mmoja. Hata vijana wenzake walikuwa wamekwisha kumwita Nusu.

"Shikamoo, Fundi. Sinyoi upande wa pili mpaka tulipize kisasi," alisema, akijigusa kichwa. "Kinyozi wetu ndiye ndugu yako. Tukatie na sisi vyuma. Vile vile vyenye msalaba, wakaonje dawa yao."

"Sikati."

"Tutakulipa!"

"Nimesema sikati. Mkono huu umeshampiga ndugu yangu mara moja. Hautampiga ndugu wa mtu mwingine."

"Kumbe na wewe ni wa kwao," Nusu akasema, na teke lake likampata baba tumboni. Walipindua mashine ya kuchomelea, wakakata nyaya zake. Mmoja aliwasha grainda yangu, mashine ninayosagia vyuma, akaileta karibu na uso wangu mpaka nikahisi upepo wake kwenye kope, akacheka, akaitupa ukutani ikiwa bado inazunguka. Iliruka ikichimba sakafu kama mnyama, ikachana goti la mwenzao mmoja, na kwa ajili ya mayowe yake ndipo walipoondoka, wakimburuta.

Baba aliketi juu ya geti lililoanguka.

"Sasa nimpigie nani, mwanangu?" aliniuliza. "Hawa nao wana mtu wao."

Jibu lilikuja lenyewe jioni ile, kwa miguu, likinuka pombe ya mchana. Bwana Mifugo aliingia akiwa na Nusu mbele yake, amemshika sikio kama anavyoshikwa mbuzi mkaidi.

"Fundi, huyu ni wangu," alisema. "Aibu yake ni yangu. Sikumtuma, lakini anatembea na jina langu, kwa hiyo ni mimi. Nusu, shika ufagio."

"Mheshimiwa, mbele ya watu?"

"Shika ufagio! Na kesho nitasimama sokoni niseme mtu wangu yeyote atakayemgusa mtu simtaki, hata akiniletea kura elfu."

Nusu akafagia, machozi ya hasira yakimshuka kwenye shavu. Bwana Mifugo aliokota vipande vya grainda, akavigeuza-geuza, akaviweka mezani bila kujua la kufanya navyo. Hakuomba kura. Alipofika mlangoni alijikwaa, akatukana, akaomba radhi kwa kutukana, akaondoka. Na siku iliyofuata alisimama sokoni kweli, akayasema yale yale, na baadhi ya watu wake wakamzomea.

Mhazini hakusema neno. Hata hospitalini hakutuma mtu.

Jumapili ilikuwa ndiyo ya mwisho kabla ya kupiga kura. Kanisani kwetu kuna saa ya ushuhuda, ambapo mwenye jambo lolote aliloona kwa Mungu huenda mbele bila kuitwa, na kwa desturi hakuna anayemkatiza mpaka aseme amina. Baba aliitumainia desturi hiyo. Aliinuka. Nilimfuata, nikasimama chini ya ngazi za madhabahu.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," watu wakaitikia.

"Wiki iliyopita niliweka mkono wangu hapa." Aliuweka juu ya Biblia. "Niliahidi kura yangu, na moyo wangu ulikuwa safi. Nilidhani nampa Mungu. Leo nimeona kwamba nilimpa mtu kitu ambacho Mungu alinipa nikitumie kwa akili na dhamiri. Ndugu yangu amelala hospitalini na misalaba niliyoitengeneza imo mwilini mwake. Sijaona aliyekemea. Basi nadhiri ile naivunja mbele yenu, hapa nilipoifunga, na kama ni dhambi nitaijibu mimi kwa Mungu, si kwa mtu. Kura yangu—"

Hakufika kwenye amina. Shemasi alipanda ngazi mbili mbili, akamkamata kola kwa nyuma, akamwangusha kifudifudi. Wengine walikuja kutoka kwenye viti vya kwaya. Mtu wa kinanda, kwa kuogopa au kwa kuamriwa, alianza kupiga, na Mchungaji akafumba macho, akainua mikono, akaomba kwa sauti kubwa kuliko kinanda. Waliunyoosha mkono wa kuume wa baba juu ya ngazi ya chini. Shemasi alipiga kwa kimoja cha vile vigingi vyetu, akapiga, vidole vikageuka kitu ambacho si vidole. Baba aliuleta mkono wa kushoto kuukinga wa kuume, na huo pia wakauvunja.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mama mmoja wa kwaya alinikumbatia kwa nguvu, akaufunika uso wangu kwa kifua chake, na nilihisi moyo wake ukienda mbio kama wangu. Lakini hakuniachia. Nilichungulia chini ya kwapa lake. Kiti cha mbele, Mhazini alikuwa amevua miwani yake, anaifuta kwa leso, polepole, kana kwamba imeingia vumbi.

Baba hakuwalaani. Alilia tu, kwa sauti, kama anavyolia mtu yeyote aliyevunjwa mikono.

Siku ya kura, daktari alimkataza baba kutoka kitandani. Baba mdogo, ambaye bado hakuweza kusimama, alimwambia kutoka kitanda cha jirani, "Kaka, nenda. Mimi ya kwangu imeshapigwa, na nondo." Akacheka, akajuta kucheka, akashika ubavu.

Tulisimama kwenye foleni pale shuleni, penye kituo cha kura. Mikono ya baba ilikuwa imefungwa plasta mpaka kwenye viwiko, aliiinua mbele ya kifua kama mtu aliyebeba mtoto. Waumini wenzetu walikuwa kwenye foleni ile ile. Wengine walitazama chini. Mama yule wa kwaya alituachia nafasi yake, bila kuniangalia machoni. Nje ya geti, ng'ambo ya kamba ambayo askari waliivuta, Shemasi na vijana wake walikuwa wameketi ukutani wakitikisa miguu.

Msimamizi wa kituo alitazama plasta, akatazama kitambulisho.

"Mzee atasaidiwa na binti yake? Haya, binti, shika Biblia hii uape kwamba hutamwambia mtu alichochagua."

"Hawezi kusema tu kwamba hatasema?" baba aliuliza.

Msimamizi alifikiri, akasema inaruhusiwa kwa wasioapa.

"Sitasema," nikasema. Hilo lilitosha.

Tuliingia nyuma ya ubao uliokinga meza ya kupigia kura. Nilitandaza karatasi, nikashika kalamu. Baba alizitazama zile picha mbili kwa muda mrefu, pumzi yake nzito, jasho la maumivu likimtiririka. Alifumba macho. Midomo ilikuwa ikicheza, na nilielewa anaomba.

"Mzee, tafadhali, wenzio wanasubiri," msimamizi aliita. "Hapa si kanisani."

"Namaliza, mwanangu." Akaninong'oneza, nami nikaweka alama alipotaka, nikakunja, nikatumbukiza. Kisha nikachukua karatasi yangu nikapiga yangu.

Nje ya geti Shemasi alishuka ukutani. Alimpita baba, akaja kwangu, akanishika nywele karibu na ngozi, akanivuta mpaka kichwa kikalala begani kwake.

"Shangazi, wewe ndiye uliyeshika kalamu. Ulimwekea nani?"

Nilinyamaza.

"Nakuuliza kwa upole."

Alivuta zaidi. Niliona mbingu, na ncha za paa la shule. Nilikuwa nimesema sitasema. Foleni nzima ilikuwa inatutazama, na yule askari aligeuka kuangalia upande wa pili wa barabara.

"Mwache mtoto," baba alisema. "Yeye amefungwa na neno lake. Mimi sijafungwa. Niulize mimi."

Shemasi akageuka.

"Nimempigia Bwana Mifugo," baba alisema, kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia. "Na kabla sijampigia, nimemwombea Mhazini, na wewe nimekuombea kwa jina lako. Nimemaliza. Tena hukuhitaji kumvuta nywele. Ungeniuliza tu, ningekuambia."

Shemasi alibaki ameshika nywele zangu, lakini mkono wake ulilegea, kama aliyesahau alichokuwa akifanya nao. Nikajichomoa. Nikapitisha mkono wangu kiunoni mwa baba na tukaanza kushuka barabara kuelekea hospitali.

Jiwe la kwanza lilipita juu yetu likagonga bati la duka. La pili lilinipata nyuma ya shingo. Baba alinisikia nikiguna.

"Umeumia?"

"Kidogo."

"Hamia huku kwangu, mwanangu. Pita upande wa ukuta."

"Hapana, baba," nikasema, nikamsogeza yeye ukutani, plasta zake zikikwaruza tofali, nami nikabaki upande wa barabara. "Wewe tembea tu."

Akatembea.